Mechi 931

Usiku wa tarehe 27 Agosti 2025 mashabiki wa Manchester United, kuanzia Kariakoo hadi Kisumu, walilala na donge kooni. Timu yao ilikuwa imetupwa nje ya Kombe la Ligi na Grimsby Town, klabu ya daraja la nne, kwa penalti 12 kwa 11 baada ya sare ya mabao 2-2. Penalti ya mwisho, ya Bryan Mbeumo, iligonga mwamba, na watu wakamiminika ndani ya uwanja wa Blundell Park. Kulipokucha vijiweni pakawa na swali moja: hawa Grimsby wametokea wapi?

Wametokea mbali, na wamebebwa na watu wengi ambao majina yao hayakuwahi kutajwa na redio zetu. Sura hii ni ya mmoja wao. Tony Ford alizaliwa Grimsby tarehe 14 Mei 1959. Alianza kucheza soka la ligi akiwa na miaka 16, akatundika daluga akiwa na miaka 42. Katikati ya umri huo alicheza mechi 931 za ligi. Ukimwondoa kipa Peter Shilton, aliyefikisha 1005, hakuna mtu aliyecheza mechi nyingi kuliko hizo katika Football League tangu ianzishwe mwaka 1888. Na katika mechi zote 931, hakuna hata moja aliyoicheza kwenye daraja la juu kabisa.

Naomba msomaji alishike hilo la mwisho, maana ndilo lililonifanya nimtengee sura nzima. Tumezoea kumpima mchezaji kwa vikombe, kwa bei aliyonunuliwa na kwa mabao ya kuonyeshwa mara kumi kumi kwenye televisheni. Ford hana kikubwa cha kututambia katika hayo. Alichonacho ni kwamba kwa miaka 26, kila kocha mpya alipokaa Ijumaa jioni kupanga kikosi cha Jumamosi, jina lake liliandikwa. Mimi naamini huo ni ubora kamili, wa aina yake, na kwamba historia ya soka la Uingereza haieleweki bila watu wa namna hii.

Tuanze na mji wenyewe. Grimsby uko mashariki mwa Uingereza, pale Mto Humber unapoingia baharini. Kwa miaka mingi ulihesabiwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa za uvuvi duniani. Meli zake zilikwenda kaskazini, kwenye maji ya Iceland, kutafuta samaki aina ya chewa wanaopenda baridi, na wanaume wake walikaa huko wiki tatu kwa mara moja, katika barafu na mawimbi, wakijua kwamba si kila meli hurudi. Uwanja wa klabu haupo hata Grimsby kwenyewe. Uko mji wa jirani wa Cleethorpes, kando ya reli inayofuata ufuko. Jukwaa lake kuu lilijengwa mwaka 1901 kwa mbao, na bado linakaliwa na watu. Ukipanda juu ya jukwaa la upande wa pili unaziona meli zikiingia Humber huku mpira unachezwa chini yako. Mashabiki wa timu ngeni walikuwa wakiwazomea wenyeji kwamba wananuka samaki. Wenyeji wakautunga wimbo wao wa kujisifu kwa uvuvi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 wakawa wanakuja uwanjani na samaki wa mpira waliojazwa upepo, mamia kwa mamia.

Ford aliingia kwenye kikosi cha kwanza mwezi Oktoba 1975, akiwa na miaka 16 na siku 143, mchezaji mdogo kuliko wote katika historia ya klabu hadi wakati huo. Siku chache baadaye, tarehe 15 ya mwezi huohuo, serikali ya Iceland ilianza kutekeleza uamuzi wake kwamba bahari yake ya uvuvi sasa inafika maili 200 kutoka pwani. Meli za kivita za Uingereza zikapelekwa kulinda wavuvi, meli za ulinzi za Iceland zikawa zinakata kamba za nyavu, vyombo vikagongana baharini. Uingereza ilikubali kushindwa tarehe 1 Juni 1976. Aliyetia saini makubaliano kwa niaba ya Uingereza alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje Anthony Crosland, ambaye pia alikuwa mbunge wa Grimsby. Sijui kama kuna mwanasiasa aliyewahi kupewa kalamu nzito kuliko ile. Crosland aliipenda timu kiasi cha kumleta Blundell Park mgeni wake Henry Kissinger, mkuu wa diplomasia ya Marekani, mwaka uleule wa 1976, waangalie pamoja mechi ya daraja la tatu dhidi ya Gillingham.

Basi kijana wetu alianza kazi yake mwezi uleule ambao kazi kubwa ya mji wake ilianza kufa. Katika miaka iliyofuata meli zilifungwa gatini, zikauzwa, nyingine zikakatwa vyuma chakavu. Mvulana wa Grimsby aliyezaliwa 1959 angeweza kwenda baharini kama waliomtangulia. Ghafla mlango huo ukafungwa. Wa mpira ulikuwa bado wazi, ingawa ni mwembamba mno.

Soka aliyoingia Ford ilikuwa ngumu kwa namna ambayo mtazamaji wa leo anaweza asiisadiki. Viwanja vya majira ya baridi vilikuwa tope tupu. Kufikia Februari nyasi zilibaki pembeni tu, kwenye vibendera vya kona, na katikati palimwagiwa mchanga ili mpira uweze kudunda. Kadi za njano na nyekundu zilikuwa hazijaanza kutumika Uingereza. Zilikuja Oktoba 1976. Timu ilikuwa na mchezaji mmoja tu wa akiba. Ushindi ulikuwa pointi mbili. Beki wa kushoto wa timu pinzani, mara nyingi mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, alikuwa na ruhusa ya kimyakimya ya kumkata ngwala winga mchanga mara moja ndani ya dakika kumi za kwanza, na refa angempa onyo la mdomo. Ford alikuwa winga wa kulia. Unaweza kuhesabu mwenyewe ni Jumamosi ngapi alianza kwa kunyanyuka kutoka kwenye tope.

Na alikuwa kijana mweusi. Katika miaka hiyo wachezaji weusi wa ligi walikuwa wachache, na kelele za nyani zilisikika viwanjani waziwazi, ndizi zikirushwa, huku wafuasi wa chama cha kibaguzi cha National Front wakiuza magazeti yao ya chuki nje ya mageti. Viv Anderson alikuwa mweusi wa kwanza kuchezea timu ya wakubwa ya England, na hiyo ilikuwa Novemba 1978, Ford akiwa tayari ana misimu mitatu ya ligi mguuni. Mwaka huohuo West Bromwich Albion ilikuwa na Cyrille Regis, Laurie Cunningham na Brendon Batson katika timu moja, na habari zao zimeandikwa sana, kwa haki. Lakini Regis na wenzake walikuwa daraja la kwanza, mbele ya kamera. Kule chini hapakuwa na kamera. Mchezaji mweusi wa daraja la nne alisikia matusi yaleyale mbele ya watu elfu tatu, tena karibu zaidi, maana uzio ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mstari wa pembeni, na winga ndiye anayeishi kwenye mstari huo. Kila alipokwenda kuchukua mpira wa kurusha alikuwa uso kwa uso na waliomtukana. Ford aliurudia mstari huo kwa miaka 26.

Grimsby ilishuka daraja la nne mwaka 1977. Kushuka huko kukaifaa, kwa sababu klabu isiyo na hela ililazimika kuwapa nafasi vijana wa nyumbani, na vijana hao wakaiva pamoja. Kulikuwa na Ford kulia, kulikuwa na mshambuliaji Kevin Drinkell, naye mzaliwa wa Grimsby, na kiungo Joe Waters kutoka Ireland akiwaongoza kama nahodha. Mwaka 1979 walishika nafasi ya pili daraja la nne na kupanda. Mwaka 1980 walikuwa mabingwa wa daraja la tatu. Msimu wa 1980-81 walimaliza nafasi ya saba daraja la pili, kwa maana nyingine walikuwa timu ya 29 nchi nzima, wakiwa na wavulana waliokua mitaa michache kutoka uwanjani. Miezi hiyo mji ulikuwa unahesabu meli zilizobaki. Ninapoisoma historia ya Grimsby, miaka ile mitatu ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu watu waliokuwa wanapoteza kazi waliona watoto wao wenyewe wakipanda.

Novemba 1984 Grimsby ilikwenda Goodison Park kwenye Kombe la Ligi na kuitoa Everton kwa bao 1-0 la Paul Wilkinson, lililofungwa mechi ikiwa inaelekea ukingoni. Everton hiyo ndiyo iliyotwaa ubingwa wa Uingereza msimu huohuo. Kuipiga United penalti miaka 40 baadaye hakukuwa jambo geni kwa wazee wa Cleethorpes.

Ford aliondoka kiangazi cha 1986 akiwa na mechi 355 za ligi kwa klabu ya nyumbani. Angeweza kuacha hapo na bado angekumbukwa Grimsby. Kabla ya kuondoka alikuwa amepelekwa kwa mkopo Sunderland, mechi tisa, kisha Stoke City wakamchukua kwa mkataba wa kudumu.

Stoke ni mji wa vyungu na vigae, na upande wake wa kulia uwanjani una historia yake. Hapo ndipo Stanley Matthews, winga wa kulia aliyependwa kuliko wote Uingereza, alicheza mechi yake ya mwisho ya ligi Februari 1965, siku tano baada ya kutimiza miaka 50. Wasomaji wazee wa Uganda na Tanzania huenda wakalikumbuka jina lake, kwa sababu Matthews alitumia majira mengi ya kiangazi akizunguka Afrika kufundisha vijana, na nchi zetu zilikuwemo. Kwenye mstari uleule Ford alicheza mechi 112 katika misimu mitatu. Alikuwa amekomaa: bado ana mbio, lakini sasa anajua lini asikimbie. Machi ya msimu wa 1988-89 West Bromwich Albion walimnunua, na mwaka huo wa 1989 akaitwa timu B ya England. Umri wake ulikuwa miaka 30. Hapo ndipo alipofika karibu zaidi na mwanga mkubwa, kisha mwanga ukahamia kwa wengine.

Pale West Bromwich alikutana na upande wa pili wa maisha ya mpira. Januari 1991 klabu hiyo, ambayo ilikuwa imewahi kuwa bingwa wa nchi, ilifungwa nyumbani 4-2 na Woking, timu ya nje ya ligi, katika Kombe la FA, na Tim Buzaglo akapiga mabao matatu. Kocha Brian Talbot akafukuzwa. Mwezi Mei klabu ikashuka daraja la tatu kwa mara ya kwanza katika uhai wake. Wachezaji wa misimu kama hiyo hubeba lawama mitaani na dukani. Ford alicheza mechi 114 za ligi kwa Albion, akafunga mabao 14, na mwishoni mwa 1991 akarudi nyumbani Grimsby, daraja moja juu ya timu aliyoiacha.

Hapa nisimame kidogo nieleze kazi yenyewe ikoje, kwa sababu wengi wetu tunaifahamu soka ya Uingereza kutoka juu tu. Chini ya klabu 20 za Ligi Kuu kuna 72 nyingine, zimegawanyika madaraja matatu ya timu 24. Kila timu hucheza mechi 46 za ligi, ukiacha vikombe. Hiyo ina maana ya Jumamosi na Jumanne, Jumamosi na Jumanne, kuanzia Agosti hadi Mei. Kutoka Grimsby kwenda Plymouth ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Mechi ya Jumanne usiku ikimalizika Plymouth, basi la timu linaingia Grimsby alfajiri, na mchezaji anafungua mlango wa nyumba yake wakati watoto wanaamka kwenda shule. Jumatano anapumzika, Alhamisi mazoezi.

Mkataba wa kawaida ni mwaka mmoja au miwili. Msimu ukiisha, klabu hutoa orodha: hawa wanabaki, hawa wanaachwa. Mchezaji wa daraja la nne mwenye mke, watoto na mkopo wa nyumba huusubiri mwezi Mei kwa moyo wa mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Akiachwa, ana wiki chache za kupiga simu kwa makocha anaowafahamu kabla mshahara haujakatika. Wengi huachwa wakiwa na miaka 20, wengine 24, na waliodumu wakifika 33 huanza kutafuta kozi ya ufundi bomba au leseni ya kuendesha lori. Orodha hiyo ya Mei ilimpita Ford mara nyingi kuliko wanandinga wengi wa zama zake. Akiachwa huku, aliokotwa kule, na aliyemwokota hakuwa anamhurumia. Kocha wa daraja la nne hana nafasi ya huruma kwenye bajeti yake.

Alifanyaje? Jibu moja lipo wazi kwenye ramani ya uwanja. Alipoanza alikuwa mtu wa mbele, wa kushambulia pembeni. Mbio zilipopungua akawa kiungo wa kulia, yule anayepokea mpira kutoka kwa beki, anauficha, anasubiri mwenzake apite nyuma yake, kisha anatoa krosi bila kuhitaji kumpita mtu. Zilipopungua tena akarudi beki wa kulia, akiwakaba mawinga wa miaka 19 waliokuwa na haraka aliyowahi kuwa nayo yeye. Kila hatua ya kurudi nyuma ilimpa miaka minne au mitano. Wachezaji wengi hukataa kuhama hivyo, nafsi haitaki. Winga aliyezoea kushangiliwa hutaka aendelee kushangiliwa, na hubaki hapo hadi anapitwa na wakati. Ford alikubali mapema kwamba uwanja unamhitaji mahali pengine, na mtu aliyecheza winga miaka kumi anamsoma winga kama anavyousoma mkono wake. Anajua bega litaanguka upande gani kabla mpira haujaguswa.

Jibu la pili siwezi kulithibitisha kwa takwimu, ila naliona katika mlolongo wa klabu zake: hakuna mlango alioufunga kwa kishindo. Steve Parkin alikuwa mwenzake Stoke, kisha mwenzake West Bromwich, mdogo wake kwa miaka sita. Miaka ikapita, Parkin akawa kocha wa Mansfield Town akiwa bado kijana, na mtu wa kwanza aliyemhitaji kando yake alikuwa kaka yake wa zamani wa chumba cha kubadilishia nguo. Fikiria hali hiyo. Uliyemzidi umri na mechi sasa ndiye bosi wako, ndiye anayekutoa dakika ya 70. Wangapi wetu tungelibeba hilo bila kinyongo?

Lakini kabla ya Mansfield alikuwa ameteremka kwanza. Mkopo wa mechi tano Bradford City. Misimu miwili Scunthorpe, mwendo wa kilomita 50 tu kutoka Grimsby, mji wa chuma ambao matanuri yake manne makubwa yamepewa majina ya malkia: Mary, Bess, Anne na Victoria. Mechi 76 huko, mabao tisa, miaka 35 hadi 37. Halafu mwaka 1996 akawa Barrow, mji wa kuunda nyambizi kwenye pwani ya magharibi, na Barrow wakati huo walikuwa nje kabisa ya Football League. Hapo ndipo kila mwenye akili timamu angesema safari imefika mwisho. Hesabu yake ya mechi za ligi ilikuwa 739. Terry Paine, winga wa Southampton na Hereford aliyekuwa kwenye kikosi cha England kilichotwaa Kombe la Dunia la 1966, alikuwa na rekodi ya mechi 824. Pengo lilikuwa mechi 85 na Ford alikuwa na miaka 37.

Parkin akapiga simu. Mansfield ni nchi ya makaa ya mawe, Nottinghamshire, ambako mgomo mkuu wa 1984-85 uliwagawa wachimbaji: wengi wa huku waliendelea kwenda kazini, wenzao wa Yorkshire wakawaita wasaliti, na miaka kumi baadaye migodi mingi ya waliogoma na ya waliokwenda kazini ikawa imefungwa vilevile. Timu za kaskazini zikija uwanja wa Field Mill, mashabiki wao bado waliimba matusi ya mgomo ule. Katika mji huo wenye jeraha bichi Ford alicheza kama kocha mchezaji, mechi 103 katika misimu mitatu, asubuhi akiwafundisha vijana na Jumamosi akicheza nao. Msimu wa 1998-99 alimpita Paine. Umri wake, miaka 39. Baadaye alitunukiwa nishani ya MBE kwa mchango wake katika soka.

Ukiitazama orodha ya miji aliyofanyia kazi, unaona nchi nzima ya viwanda ikizimika. Samaki Grimsby, meli Sunderland, vyungu na makaa Stoke, sufu Bradford, chuma Scunthorpe, makaa Mansfield. Karibu kila alipokwenda, wanaume waliolipa kiingilio Jumamosi walikuwa ndio wanaopokea barua za kupunguzwa kazi wiki hiyo au mwaka huo. Klabu ilibaki mahali pa mwisho ambapo bado walikuwa pamoja kama zamani, bega kwa bega, kwa saa mbili. Mimi siamini kwamba mchezaji wa daraja la nne katika mji wa namna hiyo anafanya burudani tu. Watu wale walimjua kwa sura, walikutana naye sokoni, na walikuwa na haki ya kumuuliza kwa nini krosi ya dakika ya mwisho ilipaa.

Kituo cha mwisho cha mpira wake kilikuwa Rochdale, alikomfuata Parkin mwaka 1999. Wanaushirika wa kwetu wanalifahamu jina hilo hata kama hawajawahi kuangalia mpira, kwa kuwa mtaa wa Toad Lane, Rochdale, ndipo wafumaji na mafundi walipofungua duka lao la ushirika Desemba 1844, wakiuza unga, siagi, sukari na mishumaa. Kanuni zao ndizo zilizosafiri hadi kwa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na hadi kwenye madarasa ya chuo cha ushirika cha Moshi. Kwa upande wa soka, Rochdale ilikuwa maarufu kwa jambo lisilo la kujivunia: ilikaa daraja la chini kabisa la ligi kuanzia 1974 hadi 2010 bila kupanda. Ford alicheza hapo mechi 89 akiwa na miaka 40, 41 na 42. Msimu wa 2000-01 walimaliza nafasi ya nane, hatua moja tu nje ya mchujo wa kupanda daraja.

Njia alizopita Ford hazijakatika, na siku hizi vijana wa kwetu wanazipita. Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar aliyekulia Leicester, amechezea Mansfield na Grimsby. Tarryn Allarakhia wa Taifa Stars amekuwa Rochdale. Wanapokuja kambini Dar es Salaam, mara nyingi husemwa vijiweni kwamba wanatoka timu ndogo za huko Uingereza, kwa sauti ya kuwapunguza. Anayesema hivyo angepewa Jumanne moja ya Februari katika uwanja wa Rochdale, upepo ukivuma na beki akimjia, angebadili sauti.

Novemba 2001 Parkin alichukuliwa na Barnsley, na Ford akaondoka naye kuwa msaidizi wake. Daluga zikatundikwa hapo, msimu ukiwa katikati, bila mechi ya kuagwa wala sherehe ya mwisho wa msimu. Aliyecheza kabla kadi nyekundu haijafika Uingereza aliacha katika zama ambazo Ligi Kuu ilikuwa inauzwa kwa satelaiti duniani kote, na klabu za juu zikilipa kwa wiki moja kiasi ambacho mtu wa Rochdale asingekipata kwa miaka.

Rekodi yake bado imesimama. Dean Lewington, beki wa kushoto wa MK Dons, alivunja mwaka 2023 rekodi ya mechi 770 za ligi kwa klabu moja, iliyokuwa ya John Trollope wa Swindon, akaendelea hadi 2025, akakaribia miaka 41. Hata yeye aliishia nyuma ya Ford kwa makumi ya mechi. Leo makocha wanaruhusiwa kubadilisha wachezaji watano, vikosi ni vikubwa, vijana wenye kipaji wananunuliwa mapema na klabu za juu na kukaa benchi miaka mitatu. Kijana anayeanza sasa akiwa na miaka 17 atahitaji mechi 40 za ligi kila msimu, misimu 23 mfululizo, na bado atabaki na deni la mechi 11.